Kiti Kilipokuwa Wazi, na Bahasha Niliyoirudisha

 

Wiki iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alisubiri mpaka nikafunga kitabu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, mtu akija nyumbani na leso na bahasha, nami moyoni najua kuwa sitampa kura yangu, je, nikipokea nina makosa?" Akaongeza kuwa ijapokuwa uchaguzi ni Agosti 2027, wajumbe wa wanaokitaka kiti cha gavana wameshaanza kubisha milango mtaani kwao.

Nilimjibu kwa ufupi kwamba ajizuie, asipokee. Akashukuru, akaenda zake. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijilaumu, kwa kuwa jibu langu lilikuwa sahihi na bado halikuwa kamili. Jibu kamili lina kisa ndani yake, na kisa chenyewe kinanihusu mimi. Nimekinyamazia tangu mwaka 2022. Leo naona ni wajibu wangu kukisimulia, kwani mwalimu anayewaficha wanafunzi wake kosa lake huwaacha walirudie.

Nianze na hali ilivyokuwa. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilitupa kaunti 47, na magavana wa kwanza wakachaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Katika ibara ya 180, Katiba hiyohiyo iliweka mpaka kwamba mtu hashiki ugavana kwa zaidi ya mihula miwili. Basi waliochaguliwa mwaka 2013 na kurejeshwa mwaka 2017 walijua kuwa mwaka 2022 watatoka, wapende wasipende. Hapa Pwani watatu waliufikia mpaka huo kwa pamoja: Hassan Joho wa Mombasa, Amason Kingi wa Kilifi na Salim Mvurya wa Kwale. Viti vitatu vya jirani vikawa wazi kwa siku moja.

Gavana aliye kitini akigombea tena, raia huamua jambo moja, kumbakisha au kumwondoa. Kiti kikiwa wazi mambo hubadilika. Kila mwenye tamaa ya cheo na kila mwenye nia njema hujitokeza kwa wakati mmoja, na mtu wa kawaida hupata taabu kuwapambanua. Tena katika ugavana hakuna duru ya pili kama ilivyo kwa rais. Anayewazidi wenzake kwa kura, hata kwa chache, ndiye mshindi. Ndiyo maana kikundi cha akina mama thelathini wanaochanga fedha zao kila Ijumaa huonekana ghafla kuwa na thamani kubwa, hata kama miaka minne iliyotangulia hapana aliyekuja kuwajulia hali.

Kule Kwale, nyumbani kwa akina mke wangu, kiti kilichoachwa wazi kilikwenda kwa Bi Fatuma Achani, ambaye alikuwa naibu wa gavana kwa mihula yote miwili. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana katika kaunti za Pwani. Mke wangu alifurahi sana siku hiyo, si kwa chama, bali kwa sababu alisema ameona kuwa mwanamke wa Pwani anaweza kuwa upande wa kuulizwa maswali pia, si upande wa kugaiwa leso tu. Maneno hayo niliyasikia kwa sikio moja. Maana yake niliyafahamu baadaye.

Hapa Mombasa walijitokeza kadhaa, na ushindani mkubwa ulikuwa baina ya wawili: Abdulswamad Shariff Nassir wa chama cha ODM, aliyekuwa mbunge wa Mvita, na Hassan Omar wa chama cha UDA, aliyekuwa seneta wa kwanza wa kaunti hii. Wote wawili ni Waislamu na watoto wa mji huu. Basi mgawanyiko haukuwa wa dini na dini wala wa wenyeji na wageni. Uliingia ndani ya majumba yetu, ukapita ukumbini, ukafika mpaka jikoni.

Mimi ni mtoto wa katikati. Nina dada mkubwa na dada mdogo, na nyumba zao hapa Majengo zimetenganishwa na kichochoro kimoja. Mwaka ule kijana wa dada mkubwa alikuwa ameposa binti wa dada mdogo. Posa imekubaliwa, mahari imetajwa, na nikahi tumeipanga Ijumaa ya tarehe 19 Agosti, siku kumi baada ya uchaguzi, tukidhani kuwa siasa zitakuwa zimekwisha. Shangazi yetu, aliyetulea baada ya wazazi wetu kufariki, alinung'unika kuwa wazee wa zamani hawakuwa wakioza Mfunguo Nne. Nikamwambia kwa heshima kuwa mwezi wa Muharram hauna katazo la ndoa. Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma."

Dada mkubwa alikuwa akimuunga mkono mgombea mmoja, na dada mdogo mgombea mwingine. Sitasema nani alikuwa wapi, kwa kuwa wote wawili husoma waraka huu. Mwanzoni ilikuwa ni mizaha. Mmoja akipika mahamri, hupeleka ng'ambo ya kichochoro na kusema, "Haya ni ya upande wetu, mle mbadilike." Tukicheka.

Kisha ikaja tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya kura. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikatangaza kuwa kura ya gavana katika Mombasa na Kakamega imeahirishwa, kwa sababu karatasi zilizochapishwa zilikuwa na picha na maelezo ya wagombea yasiyo sahihi. Siku ya pili, watu wengi wakiwa katika saumu za siku zile za Ashura, tukapanga foleni kwa ajili ya rais, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alitoka alfajiri akiwa na bakora yake. Alipopewa karatasi alizihesabu, akamwambia karani, "Mwanangu, hizi ni tano. Ya gavana iko wapi?" Karani akamweleza. Akasema, "Basi nitarudi." Akayasema kwa utulivu kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani.

Wengine hatukuwa na utulivu huo. Kura ilipangiwa tarehe 23, kisha ikasogezwa tena, hatimaye ikawekwa tarehe 29 Agosti. Siku zile ishirini ndizo zilizotuharibia. Katikati yake, tarehe 15, matokeo ya urais yakatangazwa na William Ruto wa UDA akatajwa kuwa mshindi, na kesi ikaenda Mahakama ya Juu. Hivyo Mombasa ikawa inakwenda kumchagua gavana ikiwa imeshajua rais aliyetangazwa ni nani. Waliokuwa wakisema, "Tuwe pamoja na serikali, tupate maendeleo," wakapaza sauti. Na waliokuwa wakisema, "Mji wetu usipangiwe na wengine," wakapaza sauti zaidi. Mizaha ya mahamri ikakoma. Nikahi ya tarehe 19 tukaisogeza mbele, kwa kisingizio kuwa ndugu wa bara hawataweza kusafiri katika hali ile.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Kijana mmoja, aliyepata kusoma kwangu Juzuu Amma akiwa mdogo, alinijia baada ya Swala ya Alasiri. Sasa ni mtu mzima, na alisema anasaidia katika kampeni. Ya nani, sitaji. Wala sina hakika kama mgombea mwenyewe alipata kuyajua yaliyotendeka. Akaniambia kuwa kuna mkutano mdogo wa akina mama nyumbani kwa dada yangu mkubwa, na kwamba ninaombwa nifungue kwa dua tu, dakika tano. "Maalim, hutasema siasa. Ni kuombea amani mji wetu." Nikajiambia kuwa dua haina chama. Nikaenda.

Ukumbini walikuwa akina mama kama arubaini. Kwenye meza palikuwa na robota la leso, halijafunguliwa, limewekwa mahali ambapo kila mtu analiona. Msemaji mmoja alizungumza kwa muda mrefu. Aliahidi kazi bandarini, na bandari ni ya serikali ya kitaifa. Akaahidi kupunguza karo za sekondari, na shule za sekondari nazo ziko chini ya serikali ya kitaifa. Wala hakuna aliyemsahihisha, nami nikiwamo, ijapokuwa nilijua.

Kisha mama mmoja mkunga, ninayemfahamu kwa miaka mingi, alisimama. Alisema, "Mimi nina swali. Mtaani kwetu maji hutoka siku mbili kwa wiki. Na hospitali kuu tukienda na mzazi, tunaambiwa tukanunue vifaa nje. Hayo ni ya kaunti. Mtafanya nini?"

Lilikuwa ndilo swali la haki kuliko yote yaliyosemwa mle ndani. Maji, hospitali, zahanati, chekechea, masoko, taka, barabara za mitaani, hizo ndizo kazi za gavana. Kijana wangu akachukua kipaza sauti, akatabasamu, akasema, "Mama, maswali baadaye inshallah. Sheikh wetu ana haraka, tumpe nafasi atuombee." Watu wote wakanyanyua mikono. Mama mkunga akabaki amesimama kidogo, akanitazama, kisha akaketi.

Nami nikaomba dua. Niliomba kwa ufasaha, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Nilipomaliza, robota lilifunguliwa, leso zikagawiwa, na swali la mama mkunga halikujibiwa mpaka leo. Nilipokuwa natoka, kijana akanitia bahasha mkononi. "Nauli yako, Maalim." Nyumba ya dada yangu iko hatua mia mbili kutoka kwangu.

Usiku uleule picha ya mjongeo ikaenea katika simu za watu. Ilinionyesha mimi nimenyanyua mikono mbele ya bango, na chini yake pameandikwa kuwa masheikh wamekwisha kubariki. Dada yangu mdogo aliiona kabla yangu. Hakuja kunigombeza, na laiti angekuja. Asubuhi yake alimtuma mtoto kwenda kwa dada mkubwa na kifurushi kidogo. Ndani yake mlikuwa na bangili za posa.

Wasomaji wangu, nimesuluhisha ndoa nyingi katika mji huu. Nimeketi baina ya watu waliotishiana kwa visu. Lakini siku ile nilipovuka kichochoro kwenda kwa dada mdogo, nikaanza kusema maneno yangu ya suluhu, aliniuliza jambo moja tu: "Ndugu yangu, umekuja kama kaka au umetumwa na wao?" Nikakosa jawabu. Mpatanishi aliyekwisha kuhesabiwa upande mmoja si mpatanishi tena. Binti yake alikuwa nyuma ya pazia, nami nilimsikia akilia. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi sikuchukua jembe. Nilikuwa nimeingia katika ule ugomvi bila ya kujua.

Bahasha ile nilikuwa nimeitia ndani ya kitabu cha fiqhi, kwenye rafu. Mke wangu aliipata alipokuwa akipangusa vumbi. Akaja nayo, akaiweka mbele yangu, noti tatu za shilingi elfu moja zikionekana.

"Maalim, hii ni nini?"

"Nauli niliyopewa kwa dua."

"Ni halali?"

Nikaanza kumpa maelezo. Nikamwambia kuwa sikuiomba, kuwa sikuahidi kura, kuwa mwalimu akiitwa hupewa kitu, na kwamba hiyo ni ada ya siku nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake. Kisha akasema, "Kama ni halali, mbona hukuitia mfukoni?" Akainuka, akaenda jikoni. Alipofika mlangoni akageuka: "Mimi siipikii."

Sikulala usiku ule. Nilikumbuka kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Nilikumbuka kuwa aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaostahiki, na kwamba nimeisomesha aya hiyo mara zisizo na idadi. Nilikumbuka pia kuwa hata sheria ya nchi, ile ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016, haimkamati mtoaji peke yake. Anayepokea naye ana kosa. Lakini kilichonikosesha usingizi zaidi kilikuwa ni uso wa mama mkunga akiketi bila kujibiwa. Niliona wazi kuwa hawakuniita kwa sababu walihitaji dua. Waliniita ili dua ije mahali pa jawabu.

Asubuhi nilimwita yule kijana. Nikamrudishia bahasha mbele ya mke wangu, nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa kuwa nilipokea. Nilikufundisha Juzuu Amma, na siku ile nikakufundisha jambo jengine kinyume chake." Aliinamisha kichwa. Akasema, "Maalim, kila mtu anafanya hivi." Nikamwambia kuwa hilo ndilo linalotisha. Kisha nikaenda kwa mama mkunga, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema, "Sheikh, mimi nilidhani unajua." Jawabu hilo lilinichoma kuliko tusi.

Ikafika tarehe 29 Agosti, siku ya Jumatatu, Mfunguo Tano ndio kwanza unaingia. Shangazi alikuwa ameshavaa buibui lake mapema. Wino wa tarehe 9 ulikuwa haujatoka ukuchani. Dada mkubwa akaja kumchukua. Dada mdogo naye akaja kumchukua. Wakakutana mlangoni, wakaamkiana kwa ncha za midomo. Kila mmoja alikuwa ameleta tuktuk yake.

Shangazi akasema, "Mimi ni mtu mmoja. Sipandi tuktuk mbili." Akaiondoa moja, akapanda nyingine, akawaamuru wakae kulia na kushoto kwake. Mimi nikakaa mbele na dereva. Tulikwenda kimya. Barabara ilikuwa nyeupe, na foleni kituoni haikufika robo ya ile ya tarehe 9. Wengi walikuwa wamechoka, au wamerudi makazini, au wamekata tamaa.

Macho ya shangazi si mazuri, na sheria inamruhusu mpiga kura kama yeye kumchagua mtu wa kumsaidia. Dada mkubwa akasema, "Mimi nitaingia naye." Dada mdogo akasema, "Hapana, mimi." Nikasogea, nikasema basi niingie mimi, kwa kuwa ni mwanamume na ni mwalimu. Shangazi akatutazama wote watatu.

"Nyote hamuingii. Nitaisogeza karatasi karibu na jicho mpaka nione. Nimeishi na marehemu ami yenu miaka arubaini. Sikumwambia kura yangu hata siku moja, wala yeye hakuniambia yake, na tulikula sinia moja. Nyinyi mna nini hata mgawane damu yenu kwa sababu ya mtu ambaye kesho hatakujueni?"

Akaingia na bakora yake. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka, alikuwa ameshika kidole chenye wino kipya, akasema, "Sasa zimetimia sita." Nikaona dada zangu wamegeuza nyuso zao, kila mmoja upande wake, wakipangusa macho kwa ncha za mitandio.

Matokeo mnayajua. Abdulswamad Nassir alipata kura 119,083 na Hassan Omar 98,108, na gavana mpya akaapishwa Septemba. Lakini tazameni hesabu nyingine. Waliojiandikisha Mombasa walikuwa zaidi ya 640,000. Kura za hao wawili ukizijumlisha ni 217,191. Maana yake ni kuwa zaidi ya nusu ya wenye haki ya kuchagua hawakutokea siku ile. Ugomvi uliozijaza nyumba zetu kwa siku ishirini haukuwatoa wengi kwenda kupiga kura. Kilichobaki kwa wengi wetu ni uchungu tu, bila hata ya kura.

Jioni ile nilivuka kichochoro kwa mara ya pili. Sikwenda na suluhu. Nilimwambia dada yangu mdogo: "Nilikosa. Nilipokea bahasha, nimeirudisha. Aliyekuja leo ni kaka." Akanyamaza kwa muda. Kisha akamwita binti yake alete chai. Siku ya pili bangili zilirudi, safari hii hazikupelekwa na mtoto, alizipeleka mwenyewe.

Nikahi ilifungwa Ijumaa ya pili ya Mfunguo Tano. Shangazi alikumbusha kuwa wazee wa zamani hawakuwa wakioza mwezi huo pia, lakini alikuja na alikula vizuri. Sitawadanganya kuwa kila kitu kilirudi kama zamani. Ulipita mwaka mzima kabla ya dada yangu mdogo kuniomba nisome dua nyumbani kwake tena. Akiwa na shughuli, alikuwa akimwita maalim mwengine, nami nilikuwa nikihudhuria, nikiketi na watu wengine, nikisema "Amin". Nilijua kuwa hiyo ndiyo bei ya zile noti tatu, wala sikuona kuwa ni ghali.

Sasa nimrudie binti aliyeniuliza.

Umesema kuwa utapokea na hutampa kura, kana kwamba udanganyifu wako utafuta udanganyifu wake. Mwanangu, kwanza mtoto wako atakuwa anatazama mlangoni. Atajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, kuwa mama yake huchukua kisicho chake, na kuwa mama yake huahidi asichokikusudia. Lakini liko jambo la pili, ambalo mimi nilijifunza kwa aibu. Yule mtoaji hana hakika na kura yako. Anajua kuwa katika chumba cha kura uko peke yako na Mola wako, kama alivyokuwa shangazi yangu. Anachokinunua hasa ni swali lako. Baada ya kuipokea leso, utaona haya kusimama na kumuuliza kuhusu maji. Na baada ya miaka miwili, ukienda zahanati ukakosa dawa, ukataka kulalamika, kuna sauti itakayokwambia, "Si tulikupa chako?" Mimi mwenyewe nilizibwa mdomo kwa shilingi elfu tatu, na nilikuwa nimekwisha kusoma vitabu vyote hivi.

Kule Tana River gavana wao atakuwa amemaliza mihula yake miwili mwaka 2027, basi ndugu zetu wa huko wajue kuwa kiti chao kitakuwa wazi, na kila mlango utabishwa. Na hata pale ambapo gavana atagombea tena, wajumbe hawatakosekana. Wakija, wakaribishe kwa adabu. Wape maji ya kunywa, kwa kuwa mgeni ana haki yake. Leso waiache ndani ya robota lao. Kisha uliza: maji yatatoka siku ngapi kwa wiki? Zahanati ya mtaa itakuwa na mkunga usiku? Walimu wa chekechea watalipwa lini? Taka zitazolewa na nani? Wakikuambia kuwa maswali ni baadaye, jua kuwa umeshajibiwa.

Na ukiona wamemleta sheikh ili aombe dua kabla ya maswali, basi nakuomba, tena nakuomba mimi niliyekuwa sheikh huyo, usinyanyue mikono mpaka mama mkunga ajibiwe.

Namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa kujua na kwa kutojua, atupe viongozi wenye kumcha, na aziweke nyumba zetu pamoja. Shangazi yangu yu hai, alhamdulillahi, na anawasalimu. Ameniambia niandike kuwa bakora yake iko tayari.

Wabillahi tawfiq.